Mfupa wa Mtani

Jino lilimtoka Bi. Mwamvua akinywa uji. Ndiyo, uji, wala si karanga wala muhogo mkavu. Alisikia kitu kinateleza juu ya ulimi, akakitemea kiganjani, akaliona gego lake zima na mizizi yake, na hakuwa amesikia hata chembe ya maumivu.

"Loo!" akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Alikuwa hajafungua mdomo kusema neno tangu juzi.

Na angesema na nani? Kituo cha Barafu Namba Nne kilijengwa kwa ajili ya watu wawili, na sasa kilikuwa na mmoja. Kilikaa ukingoni mwa shimo kubwa katika ncha ya kusini ya Mwezi, shimo ambalo jua halijawahi kuchungulia ndani tangu kuumbwa kwake. Huko chini mna barafu ngumu kuliko zege. Juu ukingoni vimesimamishwa vioo arobaini, kila kimoja kikubwa kama bati la nyumba, vinanasa jua na kulitupa shimoni ili barafu ilainike, mitambo inyonye maji. Lakini vumbi la Mwezi ni vumbi la ukaidi, linang'ang'ania kila kitu, kwa hiyo lazima mtu atoke nje kila siku akafute vioo. Mtu huyo alikuwa Mwamvua Kidunda, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye miaka hamsini na minne. Kusafiri njia yote ile kwenda kufuta vioo! Hata yeye alikuwa akijicheka.

Alikuwa akijicheka zamani, alipokuwa na mtu wa kucheka naye. Mwenzake alikuwa Mihambo Kasanda, Mnyamwezi wa Urambo, na Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana basi ni watani, hata wakutane wapi. Kila asubuhi Mihambo alikuwa akigonga mlango wa Mwamvua kwa teke: "Mwangaluka, mtani! Amka, ngoma imekwisha, nyie Wazaramo mtalala mpaka lini?" Naye Mwamvua angejibu kutoka ndani kwamba mpagazi ana haraka gani, mizigo yenyewe huku haina uzito. Miaka minne walitukanana hivyo, kutwa, na hakuna aliyewahi kununa. Kisha siku moja ukingo ulimeguka chini ya gari la Mihambo, gari likaenda na yeye akaenda nalo, kilomita nzima kwenda chini, gizani, mahali ambapo hakuna mtu wala mtambo wa kumfuata. Ilikuwa miezi mitano sasa.

Mwamvua alilifunga jino kwenye kitambaa, akaenda kwa Tabibu.

*

Tabibu hakuwa mtu. Alikuwa kiti cha kulalia, mikono minne myembamba ya chuma, na sauti ya kike yenye adabu nyingi.

"Fungua mdomo, Bi. Mwamvua. Mara ya mwisho kusafishwa fizi ilikuwa miezi mitano iliyopita."

"Najua."

"Ratiba ni kila baada ya wiki mbili."

"Nimesema najua, bibi wewe!"

Angemwelezaje mashine? Baada ya msiba ule alianza kuacha vitu kimoja kimoja. Aliacha kuchana nywele, akaacha kukaa mezani, akawa anakula amesimama. Mswaki ulikauka kwenye kikombe chake. Asubuhi alijiambia nitapiga mswaki jioni, jioni akajiambia kwani meno haya namwonyesha nani. Fizi zilipoanza kutoa damu alitema, akasukutua, akaenda zake kazini. Mdomo ulipoanza kunuka hakujua, maana harufu ya mdomo huambiwa na mwenzako.

Mkono mmoja wa Tabibu ulipita kwenye fizi zake ukipima. Picha ikatokea ukutani: safu ya meno ya chini, upande wa kushoto, na mfupa unaoyashika umelika kama ukingo wa mto baada ya masika.

"Ugonjwa wa fizi umefika mfupani," Tabibu alisema. "Gego moja limetoka lenyewe. Matatu yanayofuata yanacheza, na chini yake kuna usaha. Lazima niyang'oe leo. Yakibaki, usaha utaingia kwenye taya, kisha kwenye damu."

"Ng'oa basi. Unangoja nini?"

"Kung'oa si tatizo. Tatizo ni kitakachofuata."

Akaeleza, na Mwamvua akasikiliza huku anatazama dari. Mfupa wa taya unaishi kwa kazi. Jino linapotafuna linaubana, nao unapobanwa unajijenga. Jino likishatoka, mfupa uliokuwa unalishika unaona hauna kazi tena, unaanza kunyauka. Duniani utapoteza karibu nusu ya unene wake kwa mwaka. Mwezini, ambako hata mifupa ya miguu inajisahau kwa sababu mwili ni mwepesi, inachukua wiki nane, na ukishakwenda haurudi. Dawa yake ni kulijaza tundu la jino mapema, kabla ya siku tatu kupita. Linajazwa mbegu za mfupa zilizo hai, linafunikwa utando, linashonwa, na juu yake zinapandwa nguzo za meno mapya.

"Nisipojaza?"

"Shavu litaingia ndani. Hutaweza kupandikizwa meno upande huo. Na king'ato hutaweza kukishika."

Hapo ndipo Mwamvua alipoinuka kitini. Mavazi ya nje yana king'ato, kipande cha mpira ambacho mtu anakiuma mara kwa mara akiwa nje, maana mikono yote miwili ina kazi. Kulia unauma kufungua redio, kushoto unauma kuongeza hewa. Asiye na meno ya kushoto mlango haumfungukii, hiyo ni sheria, na mlango wenyewe ndio unaopima. Meli ya kubadilisha watu ilikuwa ije baada ya miezi saba. Miezi saba ndani ya vyumba vitatu!

"Nipandie mbegu," akasema.

"Chupa yako uliitumia mwaka juzi, upande wa kulia."

Kweli. Kila mfanyakazi kabla ya kuondoka Duniani hutolewa kipande kidogo cha mfupa wa nyonga, kinakuzwa, kinatiwa kwenye chupa moja, kinagandishwa. Chupa moja tu. Ya kwake ilikwisha.

"Lakini ipo nyingine," Tabibu akaongeza kwa sauti ileile ya adabu. "Rafu ya tatu kwenye friji ya dawa. Mihambo Kasanda. Nimeshalinganisha. Mwili wako utaipokea."

Miezi mitano Mwamvua alikuwa akipita mbele ya friji ile asubuhi na jioni, na hakujua kwamba ndani yake alikuwamo Mihambo.

*

Mhandisi Lyatuu, msimamizi wao aliyekaa Dodoma, alikuwa mtu wa haraka. Maneno kutoka Duniani huchelewa kidogo kufika, kwenda na kurudi ni kama mtu kuvuta pumzi mbili, na Lyatuu alikuwa hapendi hata huo ucheleweshaji.

"Sasa unaniuliza nini, mama? Tumia. Hiyo ni mali ya kituo. Mfanyakazi akifariki, vifaa vyake vya tiba vinarudi kituoni. Ulisaini mwenyewe."

"Familia yake wanajua kama ipo?"

"Familia waliambiwa hakuna kilichobaki. Na wakati ule tuliamini hivyo. Nani alikumbuka chupa?" Akakohoa. "Sikiliza, Bi. Mwamvua. Ukifungiwa ndani, vioo vitafutwa na ile roboti, na unaijua kazi yake. Maji yatapungua nusu. Mimi nitaulizwa, wewe mkataba wako utakwisha, na huko hurudi tena. Na yote hayo ni kwa ajili ya nini? Kijiko kimoja cha mfupa! Tabibu atakuuliza swali moja la fomu, kama ndugu wa marehemu wana taarifa. Wewe sema ndiyo. Neno moja tu, mama. Hakuna atakayelifuatilia."

"Nipe muda."

"Una leo. Meno hayangoji."

Muda ule aliutumia kutoka nje. Aliuma king'ato kwa meno yanayocheza, maumivu yakampanda mpaka sikioni, lakini mlango ukamkubali. Akapita vioo bila kuvifuta, akaenda hadi kwenye kamba nyekundu iliyofungwa pale ukingo ulipomeguka. Kila Ijumaa alikuwa akija hapo. Anasimama, anamsimulia Mihambo habari za wiki, anamtukana kidogo, anarudi. Leo haikuwa Ijumaa.

"Mtani," alisema ndani ya kofia yake. "Nimekuja kukuomba kitu."

Chini kulikuwa giza. Akamweleza yote, meno, chupa, Lyatuu. Akamwambia kwamba akifungiwa ndani hataweza kuja tena hapa, na kama hawezi kuja hapa basi hajui atazungumza na nani. Nyumbani Kisarawe mama yake alikwisha fariki, watoto hakujaliwa, kaka yake mara ya mwisho kuzungumza naye ni mwaka juzi, na hata hiyo mara waliishiwa maneno upesi.

Na kwani kuna ubaya gani? Ndivyo alivyojiambia pale. Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha mtani wake. Kama Mihambo angekuwa hai, Mwamvua angemwomba uso kwa uso, naye Mihambo angemsema kwanza, angemwambia Wazaramo mmezoea kuomba hadi mifupa ya watu, kisha angempa na kucheka mpaka machozi. Alikuwa na hakika hiyo. Alimjua yule bwana.

Akarudi ndani amekata shauri. Akalala kitini, akafungua mdomo.

"Kabla ya kuyeyusha chupa," Tabibu alisema, "nina swali moja. Ndugu wa marehemu wana taarifa kwamba mabaki haya yapo na yatatumika? Jibu ndiyo au hapana."

Neno lenyewe dogo hivyo. Mwamvua alilileta hadi kwenye ulimi. Hapo hapo akamkumbuka Nyamizi, mke wa Mihambo, ambaye alimwona mara moja tu kwenye picha ya redio, siku ya kupeana pole. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, na nyuma yake ukuta mzima wa watu waliokuja msibani. Aliuliza swali moja tu siku ile: "Hakuna hata kiatu?"

"Bi. Mwamvua? Ndiyo au hapana?"

"Nusu," Mwamvua akasema. "Ukitumia nusu, nusu ibaki?"

"Mbegu zikiwa chache zinakufa zote. Matundu manne yanahitaji chupa nzima."

Akafunga mdomo. Akashuka kitini, akaenda kwenye redio, na siwafichi, moyoni alikuwa anaomba jambo moja tu: kwamba yule mama atamwambia tumia.

*

Nyamizi alipokea akiwa uani, anapepeta. Akaweka ungo chini.

"Hujambo, dada," Mwamvua alisema. "Ni mimi, Mwamvua. Wa kule kwa marehemu."

"Sijambo. Nakukumbuka." Akangoja. "Kuna nini?"

Mwamvua hakuwa na kipaji cha kuzunguka. Alimwambia palepale: kuna chupa, ndani yake mna mfupa wa Mihambo, mfupa hasa, uliotolewa mwilini mwake kabla hajaondoka na kukuzwa. Kampuni walisahau. Yeye mwenyewe amejua leo asubuhi. Na akamwambia na la pili, la meno yake, bila kuficha hata kidogo.

Maneno yakaenda. Nyamizi alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

"Unafananaje?" aliuliza hatimaye.

"Kama chenga za mchele. Nyeupe. Kama kijiko kimoja cha chai."

"Kijiko kimoja."

"Ndiyo, dada."

"Kijiko kimoja kinatosha kaburi." Akajifuta macho. "Miezi mitano hatujaanua matanga hapa. Tutaanuaje na hatujazika? Mama yake Mihambo mpaka leo anampakulia chakula. Anafunika sahani, asubuhi anawapa kuku. Na huko sokoni kuna watu wanasema hakufa, wanasema amepata mwanamke huko huko Mwezini. Mwanamke mwenyewe sijui ni wewe!"

"Mimi?" Mwamvua akajisahau. "Na huu uzee? Na yule alivyokuwa anakoroma?"

Ilimtoka tu. Akajutia neno lile papo hapo, akangoja kwa hofu. Lakini kutoka upande wa pili kilichofika kilikuwa kama kicheko kilichokatika njiani.

"Alikuwa anakoroma hata huko?"

"Kituo kizima kilikuwa kinatikisika."

Kuku walikuwa wanadonoa kwenye ungo, na Nyamizi hakuwafukuza.

"Na wewe itakuwaje?" akauliza.

"Mimi nitaishi."

"Sikukuuliza kama utaishi."

Mwamvua akameza mate yenye damu. "Nitafungiwa ndani hadi meli ije. Taya la upande huu litanyauka. Nitakuwa peke yangu, dada. Hata sasa niko peke yangu, lakini sasa angalau natoka nakwenda pale alipoangukia, namsemesha. Hiyo ndiyo itakwisha."

Alikuwa amesema. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu jambo hilo.

"Ningekuwa na moyo mkubwa," Nyamizi alisema polepole, "ningekwambia tumia, tena kwa radhi zangu. Najua hata yeye angekupa. Alikuwa akiniandikia habari zako kila wiki, mtani kasema hivi, mtani kafanya vile, mpaka nikawa nakuonea wivu. Lakini mimi sina moyo huo, dada yangu. Ulikuwepo, umekwisha. Nileteeni mume wangu nimzike."

Mwamvua aliinamisha kichwa. "Nitamleta," alisema.

*

Tabibu aling'oa meno matatu mchana ule. Alisafisha matundu manne, akakwangua usaha na mfupa uliooza, akashona fizi juu ya utupu. Aliuliza tena, kwa sababu ndivyo alivyotengenezwa, kama mgonjwa anathibitisha kwamba hataki kujaziwa. Mwamvua akanyoosha kidole cha kukubali, maana mdomo ulikuwa na ganzi.

Lyatuu alipojua alifoka kwa dakika nzima. Kisha akaishiwa nguvu. "Na kifurushi nani atakilipia nafasi?" akauliza. Mwamvua, na pamba bado mdomoni, akamjibu kwamba kifurushi cha sampuli za maji kinashuka kila mwezi, na chupa ile ni ndogo kuliko sampuli moja, na kama Mhandisi anataka kumpigia mjane simu amweleze kwa nini haina nafasi, namba anayo. Lyatuu hakupiga.

Mlango wa nje ulimkatalia siku ya nne. Alijaribu makusudi, aone. Aliuma king'ato kwa fizi tupu, nyuzi zikamchoma, taa ikawaka nyekundu. Alijaribu mara tatu, kisha akavua mavazi, akayatundika vizuri, akakaa chini yake.

Tangu siku hiyo aliishi na sauti ya roboti ikikwaruza vioo nje. Alipiga mswaki. Alipiga mswaki asubuhi, mchana na jioni, meno yaliyobaki yote, kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Alisukutua maji ya chumvi. Alikaa mezani kula, ingawa ulikuwa uji na supu. Kila Jumatatu Tabibu alipiga picha, na kila Jumatatu mstari mweupe wa mfupa ulikuwa mwembamba zaidi, mpaka Mwamvua akamwambia asimwonyeshe tena. Hakuwa na haja ya picha. Alikuwa akipitisha kidole juu ya shavu la kushoto na kusikia linavyozama. Ijumaa zikifika ndipo hasa palipokuwa pagumu. Alisimama nyuma ya dirisha dogo la mlango, ambalo halionyeshi ukingo hata kidogo, akajaribu kumsemesha Mihambo akiwa humo humo ndani. Haikuwezekana. Alijisikia anazungumza na ukuta, akaacha.

Alilia sana wiki zile. Kulikuwa na siku alijuta, na alijuta kwelikweli, akasema kwa nini sikusema ndiyo, neno moja tu, nani angejua.

*

Siku ya mazishi walimpigia kutoka Urambo. Shemeji yake Nyamizi, mdogo wake Mihambo aitwaye Igunza, ndiye aliyeshika redio, akaielekeza pande zote ili Mwamvua aone. Watu walikuwa wengi hadi barabarani. Kaburi lilikuwa kaburi kamili, la urefu wa mtu mzima. Ile chupa ilikuwa imefungwa kwenye sanda, na sanda imewekwa ndani ya jeneza la kawaida, na wanaume sita walilibeba kana kwamba lina uzito.

Mama yake Mihambo alishikiliwa na wanawake wawili. Hakuwa analia kwa sauti. Aliligusa jeneza, akasema, "Umechelewa, mwanangu," basi.

Jeneza likashushwa. Majembe yakainuliwa. Mzee mmoja akauliza, "Mtani yuko wapi? Tunafukia bila mtani?"

Watu wakatazamana. Mtani katika msiba ana kazi yake. Ndiye anayemsema marehemu wakati wengine wanamlilia, anayewachekesha wafiwa kwa nguvu, tena anaweza kujilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe anachotaka. Bila yeye msiba unakuwa kilio kitupu. Na pale hapakuwa na Mzaramo hata mmoja.

"Mtani yupo," Nyamizi alisema. "Yumo kwenye redio."

Igunza akageuza redio, na umati mzima ukautazama uso wa Mwamvua, wenye shavu moja. Alitaka kujiziba kwa mkono. Hakujiziba.

"Simamisheni majembe!" akasema. Maneno yalimvujia kidogo upande wa kushoto, lakini sauti ilitoka. "Nani kawaruhusu kufukia? Huyo mnayemlilia mimi namjua. Mchoyo wa sukari! Miaka minne ananiibia sukari, halafu ananiambia imeliwa na panya. Panya, Mwezini! Anakoroma kama mashine ya kukoboa. Kazi ya kubeba alizaliwa nayo, na siku ya kuondoka kaondoka na gari zima, hakuniachia hata tairi!"

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele. Kilimfikia Mwamvua kikiwa kimechelewa, na alipokisikia machozi yakamtoka bila yeye kutaka. Akaona Nyamizi ameinama, mabega yanamtikisika, na hakuweza kujua analia au anacheka.

"Haya mtani, tumekusikia," Igunza alisema. "Tuachie tufukie."

"Hamfukii. Nipeni changu kwanza."

"Unataka nini? Kuku?"

"Kuku nitamfuga wapi?"

"Khanga basi."

"Nivae nimwonyeshe nani? Mimi nataka mtu wa kunisemesha." Akavuta pumzi. Alitaka iendelee kuwa mzaha, lakini haikuwa mzaha tena, na hakuona sababu ya kujifanya. "Kila siku asubuhi. Mtu anipigie aniulize nimeamkaje. Mpaka meli ije. Ni miezi mitano na nusu. Hapa hakuna mtu, jamani. Nasikia hewa tu na roboti."

Pumzi mbili zikapita.

"Kila siku ni kubwa, mtani," Igunza alisema, na alikuwa anajitahidi kuuendesha utani, kwa heshima yake. "Tuna tumbaku shambani. Chukua mara moja kwa wiki."

"Basi mwacheni juani. Mimi nina muda."

"Mara tatu."

"Kila siku, nimesema. Mimi nimetoa taya zima."

Nyamizi akanyoosha mkono, akachukua redio kutoka kwa shemeji yake. Uso wake ulijaa kwenye kioo, umelowa.

"Nitapiga mimi," alisema. "Saa moja asubuhi, nikishawasha moto. Kila siku. Lakini na wewe utanisimulia. Miaka minne yote uliyokaa naye mimi sikuwepo. Utanisimulia siku moja moja, usiruke hata moja."

Mwamvua akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, akijua kwamba itachukua muda hadi Nyamizi aone.

"Fukieni," akasema.

Igunza aliiweka redio juu ya rundo la udongo. Mwamvua akasogeza kiti karibu, akasikiliza udongo ukianguka, jembe baada ya jembe, mpaka walipomaliza na kuanza kusawazisha kwa mikono.